Graniti ya Lupa na dhahabu iliyomo: namna umri na asili ya mashapo unavyobainishwa

Katika uwanda wa dhahabu wa Lupa, unaoenea katika Wilaya ya Chunya mkoani Mbeya na Wilaya ya Songwe mkoani Songwe, sehemu kubwa ya dhahabu hutoka katika mishipa ya kwatzi iliyopenya miamba migumu ya jamii ya graniti, ile ambayo kamusi huiita itale. Kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba graniti hizo ndizo mama wa dhahabu: zilipanda kutoka chini zikiwa uji wa moto, zikapoa, na katika kupoa kwake zikaacha dhahabu ndani na kandokando yake. Vipimo vya umri vilivyochapishwa mwaka 2013 vililitikisa wazo hilo. Baadhi ya graniti zinazobeba mishipa hiyo zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.7, ilhali dhahabu iliyomo ndani yake iliwekwa kati ya miaka bilioni 1.95 na bilioni 1.88 iliyopita. Kati ya mwenyeji na mgeni wake kuna pengo la takriban miaka milioni 800.

Hoja hiyo si ya wanazuoni peke yao. Leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu haizidi hekta 10, na mwenye leseni hiyo, akiwa na mtaji wa kuchimba maduara machache tu, hulazimika kuamua mahali pa kuanzia na upande wa kuelekea. Iwapo dhahabu imezaliwa na graniti, mtafutaji ataizunguka graniti hiyo, hasa kingo na paa lake. Iwapo imeletwa na maji ya moto yaliyopita katika nyufa baada ya graniti kupoa, mtafutaji atafuata ufa, hata pale unapoiacha graniti na kuingia katika mwamba wa aina nyingine. Anayekosea katika hatua hiyo hupoteza magogo ya matimba, mafuta ya jenereta, ujira wa vibarua na miezi ya kazi, na mwishoni hukuta jiwe tupu.

Ugumu wa kwanza ni kwamba dhahabu yenyewe haisemi umri wake kwa urahisi. Miamba hupimwa umri kwa kutumia elementi nururifu, yaani zile ambazo atomu zake hugeuka kidogo kidogo kuwa elementi nyingine kwa mwendo usiobadilika. Dhahabu haizipokei elementi hizo kwa kiasi cha kutosha, hivyo kipande chake cha kawaida hakina saa ndani yake. Wataalamu hulazimika kutafuta madini mengine yaliyozaliwa kabla ya dhahabu, pamoja nayo, au baada yake, kisha kuyahoji hayo kama mashahidi.

Shahidi anayeaminika zaidi kwa upande wa graniti ni zirkoni. Hii ni punje ndogo, mara nyingi isiyofikia nusu milimita, ngumu na yenye kustahimili joto na mmomonyoko. Zirkoni inapoganda ndani ya uji wa graniti huikaribisha urani katika umbo lake na kuikataa risasi. Hivyo karibu risasi yote inayokutwa ndani yake baadaye imetokana na urani iliyogeuka. Urani ina isotopu mbili zenye mwendo tofauti: urani-238, ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka bilioni 4.47, na urani-235, ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 704. Katika zirkoni yenye umri wa miaka bilioni 2.7, takriban theluthi mbili za urani-238 ya awali bado zipo, lakini urani-235 imebaki takriban asilimia 7 tu. Kwa kuwa saa hizo mbili hukaa katika punje moja, kila moja huikagua nyenzake. Zikikubaliana, umri unaaminika. Zikipishana, mtaalamu hujua kwamba punje hiyo iliwahi kupoteza risasi kwa sababu ya ufa au maji ya moto, na hesabu hubadilishwa ipasavyo.

Hapa ndipo lilipo jibu la jambo linalowashangaza wananchi wengi vijijini. Watafiti hufika eneo la machimbo, wakapita kando ya mbale nzuri, na kubeba mifuko ya graniti isiyo na hata chembe ya dhahabu. Kinachotafutwa ndani ya mifuko hiyo ni zirkoni. Jiwe husagwa, unga wake huoshwa kwa namna isiyotofautiana sana na karai la mchimbaji, kwa kuwa zirkoni nayo ni nzito. Kisha sumaku na vimiminika vizito hutumika kuondoa madini mengine. Punje zinazobaki huchaguliwa moja moja chini ya hadubini, hukatwa kuonesha kiini chake, na kupigwa kwa mionzi ya leza au ya ioni ili chembe zake ziingie katika mashine inayotenganisha atomu kwa uzito. Kilo kadhaa za mwamba zinaweza kutoa punje chache tu.

Hata hivyo, umri wa zirkoni ni umri wa graniti kuganda. Wala si umri wa dhahabu. Kosa la kuuchukua umri wa mwamba unaobeba na kuuita umri wa mbale limekuwa likijirudia katika ripoti za utafutaji, na ndilo lililoupa nguvu kwa muda mrefu usemi kwamba kila penye graniti na dhahabu, basi viwili hivyo ni mama na mtoto.

Njia ya zamani zaidi ya kuvuka kikwazo hicho haihitaji mashine, bali jicho. Kilichokatwa ni cha zamani kuliko kilichokata. Mshipa wa kwatzi ukipita katikati ya graniti, graniti ilikuwapo kwanza. Mwamba mwembamba wa volkano ukiukata mshipa huo, mshipa ulitangulia. Mtaalamu akipima umri wa kilichokatwa na wa kilichokata, atakuwa ameibana dhahabu katikati ya tarehe mbili. Huko Geita, mwamba mwembamba wa aina ya lamprofaya, uliopimwa kwa zirkoni zake na kukutwa una umri wa miaka bilioni 2.644, kwa tofauti isiyozidi miaka milioni 3, umepitiwa na mifumo ya dhahabu. Maana yake ni kwamba dhahabu ya hapo ilifika baadaye, wakati miamba ya volkano ya ukanda huo ilikuwa imekwishaganda kwa zaidi ya miaka milioni 50. Kipimo hicho kimoja kiliondoa wazo kwamba dhahabu ya Geita ilitandazwa pamoja na tabaka za miamba yake zilipokuwa zikijengeka chini ya bahari ya kale.

Lakini kubana si kupima. Kwa umri wa tukio lenyewe, wataalamu waliofanya kazi Lupa walitumia madini yanayozaliwa pamoja na dhahabu katika mshipa uleule: pairaiti, ambayo wachimbaji huifahamu kwa mng'ao wake unaowahadaa wageni, kalkopairaiti, yenye shaba, na molibdenaiti, madini laini ya rangi ya kijivu yenye kupaka vidole kama risasi ya penseli. Haya hubeba elementi adimu iitwayo reni, ambayo isotopu yake ya reni-187 hugeuka kuwa osmi-187. Mwendo wake ni wa polepole mno: nusu yake huhitaji takriban miaka bilioni 41.6, muda unaozidi umri wa ulimwengu mara tatu. Katika miaka bilioni 1.88, ni sehemu 3 tu katika kila 100 za reni hiyo zilizogeuka. Mashine za kisasa zina uwezo wa kuzihesabu. Molibdenaiti ina sifa ya ziada, kwamba inapozaliwa huwa haina osmi ya kutajika. Hivyo osmi-187 yote inayokutwa ni mazao ya saa yenyewe, na kila sampuli hujitosheleza kutoa umri.

Sampuli kutoka Lupa, yakiwemo maeneo ya Kenge na Porcupine, zilitoa tarehe zilizojikusanya katika vipindi vya miaka bilioni 1.95, bilioni 1.94 na bilioni 1.88 iliyopita. Dhahabu haikuja mara moja. Ilikuja kwa awamu, katika muda wa takriban miaka milioni 70, na kila awamu ikitumia njia zilizokwishapasuliwa.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa Lupa haina graniti ya rika moja. Zipo zile za zaidi ya miaka bilioni 2.7, zilizobanwa na kukunjwa hadi madini yake yakapangika kwa mistari. Zipo pia graniti, granodioriti na gabro changa, zilizoingia kati ya miaka bilioni 1.96 na bilioni 1.88 iliyopita, ambazo hazikukunjwa kwa kiwango hicho. Hizi za pili zinakaribiana na dhahabu kwa umri, na ndizo zilizoifanya dhana ya mama na mtoto ionekane ya kweli. Ushahidi unaoielemea dhana hiyo uko shambani: kanda zenye mbale zinakata graniti kongwe, graniti changa na gabro bila kubagua, na mbale ya miaka bilioni 1.88 imo ndani ya kanda zilizosagwa na mwendo wa miamba. Kinachounganisha machimbo ya Lupa ni mpasuko. Aina ya mwamba ni jambo la pili.

Kuhusu chanzo cha mipasuko hiyo, tarehe zenyewe zinaelekeza magharibi. Uwanda wa Lupa umo ukingoni mwa Kratoni ya Tanzania, kitalu kikubwa na kikongwe cha miamba kinachobeba sehemu za kati na kaskazini-magharibi mwa nchi. Kando yake umepita Ukanda wa Ubendi, unaofuatana na mwelekeo wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Katika ukanda huo kuna miamba iitwayo eklojaiti, ambayo hutokea pale sakafu ya bahari inaposukumwa chini sana hadi kwenye shinikizo kubwa. Sehemu ya eklojaiti hizo imepimwa na kukutwa na umri wa kati ya miaka bilioni 1.89 na bilioni 1.86. Kwa maneno mengine, wakati dhahabu ya awamu ya mwisho ilipokuwa ikiwekwa Lupa, umbali usio mkubwa kutoka hapo sakafu ya bahari iliyotoweka ilikuwa ikizama chini ya ukingo wa bara, na ukingo huo ulikuwa ukisukumwa, ukipasuka na kuteleza.

Miamba inapozama na kupata joto hutoa maji iliyoyashikilia katika madini yake. Maji hayo, yakiwa na kabonidioksidi na salfa, hupanda kupitia mipasuko yenye kufunguka kila penye tetemeko. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi joto 1,064 za Selsiasi, na maji hayo kwa kawaida huwa na nyuzi kati ya 200 na 400. Hivyo haisafiri ikiwa imeyeyuka kama chuma cha mhunzi, bali huyeyushwa majini kama chumvi, ikiwa imeshikamana na salfa. Miamba ya kawaida huwa na milligramu chache tu za dhahabu kwa tani. Ili ifikie gramu kadhaa kwa tani, kiwango kinacholipa gharama za kuchimba, maji hayo hulazimika kuikusanya kutoka katika mwamba mwingi na kuiangusha mahali padogo.

Kuanguka kwake kuna sababu mbili kubwa. Shinikizo likishuka ghafla, ufa unapofunguka, gesi hujitenga na maji, na dhahabu hukosa cha kushikamana nacho. Au salfa hunyakuliwa na chuma kilichomo katika mwamba, ikazaa pairaiti, na dhahabu ikabaki hapo. Ndiyo sababu huko Geita miamba ya tabaka yenye chuma kingi imekuwa mtego mzuri. Graniti haina chuma kingi, lakini ni ngumu na huvunjika badala ya kupinda. Inapobanwa pamoja na miamba laini, hiyo ndiyo hupasuka na kuacha nafasi wazi. Graniti ya Lupa iliipokea dhahabu kwa sababu ya ugumu wake, si kwa sababu ya damu yake.

Wataalamu hawakuishia kwenye tarehe. Maji ya kale yenyewe bado yamo ndani ya kwatzi, yamefungiwa katika matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Kipande chembamba cha kwatzi hupashwa joto na kugandishwa chini ya hadubini, na namna matone yanavyobadilika hufichua joto, chumvi na gesi za wakati ule. Maji yenye chumvi kidogo na kabonidioksidi nyingi ni ishara ya mfumo unaotokana na mikunjo ya miamba, ingawa peke yake hayatoshi kuhukumu. Isotopu za salfa, oksijeni na risasi huongezwa, na isotopu za hafni ndani ya zirkoni husaidia kujua kama graniti ilitokana na mwamba mpya kutoka chini au na bara kongwe lililoyeyushwa upya. Madini ya mika nayo hupimwa kwa potasi inayogeuka kuwa gesi ya agoni, lakini saa hiyo ina udhaifu: ikipashwa joto la nyuzi 300 hadi 400 gesi huanza kuvuja, na saa huanza kuhesabu upya. Umri wa mika katika mgodi unaweza kuwa umri wa mwamba kupoa tu, na wapo waliodanganywa nao.

Isifikiriwe kwamba graniti haizai dhahabu kamwe. Fort Knox, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, ni mgodi uliomo ndani ya graniti ambako zirkoni za mwamba na molibdenaiti ya mishipa zimetoa umri uleule wa takriban miaka milioni 92. Hapo mama na mtoto walizaliwa pamoja, na mtafutaji hufanya vyema kuizunguka graniti. Kinyume chake kiko Witwatersrand, Afrika Kusini. Huko dhahabu yenyewe ilikutwa na reni na osmi ya kutosha kupimwa, na mwaka 2002 ilitangazwa kuwa na umri wa miaka bilioni 3.03, ikiwa imetangulia kuwapo kabla ya mchanga na kokoto zilizoibeba. Njia ni zilezile. Majibu ni matatu tofauti.

Dhahabu ya mtoni ya Lupa nayo inaingia katika simulizi hili. Ugunduzi wa mwaka 1922 na mmiminiko wa watafutaji katika miaka ya 1930 ulihusu kwanza punje zilizookotwa katika vijito na mabonde. Punje hizo zilitoka katika mishipa ya miamba baada ya mvua na jua kuuvunja mwamba kwa muda mrefu. Waliofuata vijito hadi chanzo chake ndio waliofungua migodi ya mwamba, ukiwemo New Saza, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1956. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha reni wakati huo. Walifuata ufa kwa nyundo na macho, na mara nyingi walikuwa sahihi.

Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya Serikali kuhusu utafiti wa madini, ni vyema kutofautisha kazi tatu. Utafiti wa kutumia ndege, ambao chini ya Dira ya 2030 ya Wizara ya Madini unalenga kufikia angalau asilimia 50 ya eneo la nchi kutoka asilimia 16, hupima sumaku, mionzi na sifa nyingine za miamba. Huonesha mipasuko ilipo, hata chini ya udongo, lakini hausemi ina umri gani wala kama ina dhahabu. Uchambuzi wa kiwango, unaofanywa na maabara za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) jijini Dodoma, hueleza sampuli ina gramu ngapi kwa tani, lakini hausemi dhahabu ilitoka wapi. Upimaji wa umri ni kazi ya tatu. Ni wa gharama kubwa na mashine zake ni chache duniani, hivyo sampuli nyingi za nchi za Afrika zimepimwa Ulaya, Australia, Japani au Amerika ya Kaskazini, nyingi kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya nyumbani.

Mchimbaji mdogo hahitaji kugharimia kazi hiyo ya tatu. Anachohitaji ni matokeo yake kuingizwa katika ramani za jiolojia na kusomwa pamoja na picha za utafiti wa ndege. Ramani ikionesha kwamba mbale katika eneo fulani hufuata ukanda uliosagwa wenye mwelekeo unaojulikana, mwenye hekta 10 anaweza kupima mwelekeo huo kwa dira juu ya ardhi yake, akachimba mtaro wa kuukata ukanda kabla ya kuzamisha duara, na akapeleka sampuli za mtaro maabara. Mitambo ya uchorongaji ambayo Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) limeinunua kwa ajili ya wachimbaji wadogo hutoa faida zaidi inapoelekezwa kukata ukanda huo kwa pembe, badala ya kuchoronga wima katikati ya graniti kwa sababu tu graniti ipo.

Lupa bado ina maswali. Ikiwa maji ya moto yaliileta dhahabu, yaliikusanya kutoka katika mwamba upi: sakafu ya bahari iliyozama, graniti changa zilizokuwa zikipoa wakati huohuo, au mizizi ya kratoni yenyewe? Umri pekee hauwezi kulijibu hilo. Lakini vipimo hivyohivyo vimekwishabadilisha ramani. Eneo ambalo zamani lilihesabiwa kuwa sehemu ya Ukanda wa Ubendi sasa linajulikana kuwa na mwamba wa kratoni chini yake, wenye zaidi ya miaka bilioni 2.7, na mpaka wa kratoni upande wa kusini-magharibi unapaswa kuchorwa mbali zaidi ya pale ulipochorwa awali.